Saa ya Mkononi ya Fabiola

Magomeni,
Kilosa.
12 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Cosmas,

Marahaba. Najua shikamoo yako imetangulia kabla hujachana bahasha, nami naipokea hivyo hivyo kwa mbali. Hali yako huko Solwezi? Wifi yangu Joha hajambo? Na Emanueli je, yale mafindofindo yake yamepona? Hilo la koo nakuuliza kwa makusudi. Mtoto akilalamika koo mpelekeni hospitali, na dozi aimalize, hata kama siku ya pili ameamka anacheza mpira. Usiniambie dada ana wasiwasi. Dada ana wasiwasi, ndiyo, na ukisoma mpaka mwisho utanipa haki yangu.

Sisi huku hatujambo, kwa namna watu wanavyosema hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini kanisani anakwenda mwenyewe na kuku anagombana nao kama kawaida yake. Mvua za mwaka huu zimetukomoa. Mto Mkondoa ulijaa mpaka watu wa bondeni wakahamisha magodoro, ila kwetu maji hayakufika. Saluni yangu ipo palepale, kiti kimoja na kioo kimoja, na vichwa vya kusuka havikosekani.

Barua hii inaletwa na Rafaeli, yule dereva wa lori anayelala Mikumi kila akipandisha kwenda Zambia. Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu, mdogo wangu, ndiyo iliyonifanya niwe mwongo. Ulipopiga Jumatatu ya Pasaka ukauliza mbona kuna kelele nyingi, nikakuambia tuko Dar, nimemsindikiza ndugu yetu Fabiola kliniki yake ya kawaida. Fabiola mwenyewe alikuwa amelala hapo mbele yangu na mpira wa oksijeni puani, ananikodolea macho nisiseme. Ulipopiga tena, Mama, ambaye naye tulimficha, alikuwa ameketi pembeni. Kwenye karatasi hakuna anayenikodolea macho, kwa hiyo leo nakuambia yote.

Kaa chini kwanza.

Valvu ya Fabiola iliziba. Ile ya chuma aliyowekewa akiwa na miaka kumi na sita, baada ya homa za koo za utotoni kumharibu moyo. Ile ambayo ulikuwa ukijifunika mto kichwani kwa ajili ya mlio wake na kumpigia kelele, "Fabi, zima injini, watu tunalala!" Damu iliganda juu yake ikashindwa kufunguka. Yu hai. Naandika hilo upesi ili usianze kuruka mistari kutafuta msiba. Yu hai, yuko hapa nyumbani Magomeni, amelala chumba chake cha zamani. Lakini hatujavuka mto bado.

Ili uelewe ilivyokuwa, lazima nianze na saa. Unakumbuka ulipokuja likizo ulimtania Fabiola kwamba ameolewa na fundi matairi lakini anavaa saa kama meneja? Saa ile mumewe Brayson alimnunulia wakati wa posa, na si kwa mapenzi tu. Brayson alijua habari za valvu tangu mwanzo, kwa hilo sina la kumlaumu. Aliyekuwa hajui ni mama yake. Mama Brayson wa Malolo ana mtoto mmoja tu wa kiume, na unajua huku kwetu posa inavyochunguzwa: ukoo huo una kifafa, una wazimu, wanakufa mapema? Vijana wakaogopa. Wakaona kovu litafunikwa na blauzi za shingo ndefu. Na ule mlio wa kifuani, tik, tik, ambao chumba kikitulia mgeni yeyote anausikia, utasingiziwa saa. Sisi wenye binti tukanyamaza. Ukoo wetu ni hodari wa kunyamaza.

Mambo yakaenda. Mama mkwe akija kutembea Mikumi anausikia mlio, anaitazama saa, anaridhika. Siku moja Fabiola alikuwa ametoka kuchota maji, akaketi karibu naye akihema. Yule mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, saa yako inakimbia, mpelekee fundi." Fabiola aliponisimulia tulicheka mpaka tukashikana mabega. Leo kicheko kile nakionea haya.

Basi masika haya Mama Brayson alikuja kutoka Malolo na gunia la vitunguu, akakaa. Ndoa imeingia mwaka wa tano na mtoto hakuna. Sababu mimi na wewe tunaijua: ile dawa ya kuzuia damu isigande, anayoimeza kila siku ya Mungu, ina hatari kwa mimba, na madaktari walimwonya asijaribu kabla hajakaa nao chini. Mama mkwe hayo hayajui. Alichoona yeye ni mkwe aliyepauka, viganja vyeupe, mtu wa kuchoka upesi. Akahukumu kama mama yeyote wa huku angehukumu. Mtoto hana damu, ndiyo maana tumbo halishiki.

Na dawa ya kuongeza damu nani asiyeijua? Majani ya matembele yanapondwa kwenye kinu, yanakamuliwa, maji yake yanachanganywa na maziwa. Kikombe kizima asubuhi kabla ya chai, na kingine jioni. Mchana mboga ni matembele hayohayo au mchicha, maana ilikuwa Kwaresima na bustani zote zilikuwa zimefurika majani. Kwa mtu mwingine hiyo ni afya tupu. Kwa Fabiola, majani mengi kiasi kile yanaipunguza nguvu dawa yake. Alishafundishwa: mboga ale, lakini kwa kiasi kilekile wiki zote, na akibadili chakula aende akapime damu inaganda kwa kasi gani. Alijua, Cosmas! Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alijua, na akanywa.

Nilipokuja kumuuliza aliniambia, "Dada, ningemkatalia vipi mama mkwe anayeamka alfajiri kunipondea majani? Ningempa sababu gani?" Kwenda Morogoro kupima nako akakuahirisha, maana angeulizwa anaumwa nini. Basi akawa anapokea kikombe kwa mikono miwili, anapiga goti, anashukuru, anakunywa. Wiki zikapita hivyo, Kwaresima karibu yote.

Jumatano kabla ya Pasaka akaja Kilosa nimsuke. Kutoka stendi mpaka saluni, njia ambayo hata Mama na mguu wake anaimaliza, alipumzika kwenye vibaraza vya watu. Nikamtania kwamba amezeeka kabla yangu. Akaketi, akaniambia nimsuke twende kilioni. Nikamkaripia, nikamwambia mtindo wenye jina hilo mimi siusuki wiki hii takatifu, achague mwingine. Akacheka, na kile kicheko kikamwishia njiani.

Unajua mimi ndiye ninayemsuka tangu alipotoka hospitali akiwa msichana. Anaketi chini kwenye mkeka, mgongo wake kati ya magoti yangu, na ule mlio naupata magotini kabla haujafika masikioni. Nimeshauzoea, nausukia. Siku hiyo nilisuka upande mmoja wa kichwa nikihisi kuna kitu kimepungua na sikijui ni kitu gani. Nikazima redio. Nikamwomba mteja aliyekuwa anasubiri anyamaze kidogo. Nikasikia tik, tik, nikamshukuru Mungu. Kisha nikatazama vizuri, mkono wake ulikuwa umeegemea paja langu. Niliyoisikia ilikuwa saa.

Nikamvua ile saa, nikaitumbukiza kwenye mkebe wa vitana na kufunga kifuniko. Nikainama nikamwekea sikio mgongoni. Moyo ulikuwa unapiga, lakini kwa mbali, pu, pu, kama mtu anayetwanga kwenye kinu kilichofunikwa blanketi. Tik haikuwepo. Nikamuuliza, "Fabi, mlio wako uko wapi?" Alikuwa ameshajua, nadhani alijua siku nyingi, akawa anangoja mtu mwingine aulize.

Kichwa sikukimaliza. Nilimfunga kitenge, nikaita bodaboda, nikamshikilia katikati yangu na dereva mpaka hospitali. Daktari wa pale, kijana mdogo, alimsikiliza kifua muda mrefu, akanitaka nieleze tena habari ya mlio, hakunicheka. Tukapewa rufaa na gari la wagonjwa. Njia nzima mpaka Dar nilimshika mkono na sikuweza kusali hata Salamu Maria moja nikaimaliza. Nilikuwa nikifika katikati nasahau maneno.

Kule wakampiga ile picha ya moyo. Daktari wake, mama mtu mzima, akanionyesha kwenye kioo. Valvu ina vibao viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga kama madirisha ya mbao. Kimoja kilikuwa kimesimama kabisa, kingine kinafunguka nusu. Wakatuambia kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, inaingia kwa mshipa, lakini dawa hiyohiyo inaweza kumfanya avuje damu kichwani. Tukubali au tukatae. Brayson, aliyetufuata Dar, alitia sahihi kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika pembeni. Alitoka nje akakaa chini kwenye sakafu, mwanamume mzima, akalia bila kujificha.

Pasaka yetu ilikuwa benchi na chupa ya chai. Manesi wakawa wanamwita Fabiola "Nusu Kichwa", kwa vile upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Mmoja akajitolea kummalizia. Fabiola akakataa, akasema mwenye kazi yake yupo nje kwenye benchi, na hajafa mtu. Nilipoambiwa hayo nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Siku dawa ilipoanza kufanya kazi nilimuuliza yule daktari swali tulilolikwepa wote tangu Fabiola apasuliwe, miaka kumi na mitano sasa. Nilimwambia, "Mama daktari, watu wenye chuma hiki wanaishi muda gani?" Akaweka kalamu chini. Akasema chuma chenyewe si kitu cha kuchakaa upesi. Wapo anaowaona kliniki waliokaa nacho miaka ishirini na zaidi, wanalima na wanaoza watoto. Na wapo ambao hawakufika hata mitano. "Mwaka siwezi kukutajia," akasema. "Naweza kukuambia yanayowaondoa. Wanaacha dawa, hawapimi damu, wanapuuza jino bovu na homa. Na wengine wanawaficha watu wanaokula nao sahani moja."

Lakini mimi nilitaka mwaka, Cosmas. Nilitaka anitajie mwaka, hata wa uongo, niulalie.

Unawakumbuka wale watoto waliolazwa wodi moja na Fabiola, wakawekewa valvu kama yake? Loveth, yule mcheshi aliyekuwa anawaigiza manesi, hatunaye tena. Aliambiwa kwenye maombi kwamba amepona, akaacha vidonge kwa furaha, na hakumaliza mwaka. Optatus wa Kimamba yupo. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli na mvi zimeanza kumtoka. Wiki iliyopita alikuja kumwona Fabiola, akaegesha baiskeli, akavua kofia, wakakaa wawili hao sebuleni bila kusema kitu. Nikajua wanasikilizana. Mlio wa Optatus unasikika mpaka jikoni. Wa dada yako nilisimama mlangoni na sikuupata. Kabla hajaondoka Optatus akatuambia kwamba Kimamba nzima inajua habari zake, na akichelewa kumeza dawa muuza genge wa ng'ambo ya barabara anampigia kelele kwa jina.

Sasa nifike kwa Mama Brayson, ambaye nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Dar, mengine sikujua kama ninayo. Alikuja hapa Magomeni baada ya sisi kurudi, hajaambiwa lolote zaidi ya kwamba mkwe wake alizidiwa na homa. Na amebeba nini kichwani? Kikapu cha matembele, mabichi, yanadondosha maji. Nilipoyaona damu ilinipanda.

Alipopiga hodi tu, Fabiola akanyoosha mkono kwenye stuli akaivaa saa yake. Mazoea yana taabu. Mtu ametoka kuchungulia kaburi, bado anavaa saa kumpokelea mgeni! Brayson, aliyemleta mama yake, akafungua mdomo aseme. Nami nikawa navuta pumzi nianze yangu. Fabiola akatutangulia wote. Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, mpaka kovu lote likaonekana, kutoka shingoni hadi chini. Akasema, "Shikamoo mama. Nina chuma moyoni. Nilikuwa nacho kabla sijaolewa."

Akamweleza yote kwa sauti ndogo. Mlio, saa, dawa, na kwa nini hakuna mtoto. Alipofika kwenye matembele alijaribu kuruka, yule mama akamwambia asiruke. Mama Brayson hakukatiza. Kikapu kilikuwa bado mapajani mwake, maji yanamlowesha kanga. Fabiola alipomaliza, Mama Brayson akakitua kikapu sakafuni. Ndipo yule mama akasema, "Vua hiyo saa, mwanangu, nisikie mwenyewe."

Fabiola akaivua. Mama mkwe akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea sikio kifuani, juu ya kovu, akafumba macho. Alikaa hivyo. Kisha akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa nakusikia wewe." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akawa anajipiga paja na kurudia kwamba amemnywesha mtoto wa watu sumu kwa mkono wake. Maneno yangu yote niliyoyaandaa sikuyaona yalikokwenda. Nilijikuta namwinua na kumpa kiti.

Mama yetu alikuwa kibarazani akichambua mchele, akasikia kila kitu kupitia dirishani. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku nilipopita mbio kwa bodaboda na Fabiola amefungwa kitenge kichwani, na alikuwa anangoja kuona tutamfanya mjinga mpaka lini. Yale matembele tuliyapika jioni tukala. Fabiola alipewa kiasi chake kilekile cha siku zote, na Mama Brayson ndiye aliyempimia.

Usifikiri mambo yamekuwa sukari. Kuhusu mjukuu yule mama hajasema kitu, na uchungu wa namna hiyo hauishi kwa siku moja. Asubuhi namwona anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Lakini saa ya dawa ikifika ndiye wa kwanza kuleta maji, na anasimama pale mpaka kidonge kimemezwa.

Hali ilivyo leo ni hii. Kibao kimoja kinafanya kazi vizuri. Cha pili kimelegea lakini hakifunguki chote. Juzi nilimmalizia upande wa pili wa kichwa, nikiwa nimezima redio na kufunga mlango wa saluni. Mlio umerudi, Cosmas. Tik ya kwanza naisikia wazi. Inayofuata inakuja kwa kujivuta kama mtu anayeburuta ndala. Mwisho wa mwezi huu tunarudi Dar kupigwa picha nyingine. Kibao kikiwa kimefunguka, tutamshukuru Mungu na kuendelea na vidonge. Kikiwa bado, watamfungua kifua mara ya pili na kumwekea valvu mpya, na daktari hakunificha kwamba mara ya pili si sawa na mara ya kwanza.

Na hapa ndipo ninapokuhitaji. Fabiola amegoma. Anasema hakubali kupasuliwa kama wewe hupo. Anakumbuka ulivyomshika mguu wakati kitanda kinasukumwa, ukamwambia akiamka atakukuta umevaa shati lilelile la njano. Ulikaa nalo mpaka likanuka na Baba, Mungu amlaze pema, akakutishia viboko, na alipofumbua macho ulikuwepo. Mimi nimembembeleza, Brayson amembembeleza, Mama amemfokea. Anatusikiliza wote kwa adabu, kisha anauliza, "Kaka anakuja lini?" Usidhani ni utoto. Anaogopa, na mtu anayeogopa anashika kile kilichomvusha mara ya kwanza.

Najua kazi ya mgodini haina ruhusa za ovyo. Najua utaanza kupiga hesabu za zamu na za bosi wako. Nakuomba kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni, njoo kabla mwezi haujaisha. Mabasi ya Tunduma yanapita Mikumi, Brayson atakupokea pale pale barabarani. Na usimletee mizizi ya kusafisha damu, hata kama aliyekuuzia ameapa kwa kaburi la bibi yake. Majani yametutosha.

Nikuambie la moyoni? Naogopa kuliko wanavyojua. Nasuka vichwa vya watu nikisikiliza migongo yao. Mteja akikohoa nashtuka, akinyamaza nashtuka zaidi. Napita chumbani kwa Fabiola najifanya natafuta sindano. Ananiambia, "Dada, bado ipo." Natoka, nakaa kidogo, narudi tena kutafuta sindano.

Mama anakusalimu sana, anasema wifi Joha asiache kumpa Emanueli maji ya chumvi ya kusukutua, na hospitali vilevile. Brayson amerudi Mikumi kwenye matairi yake, anakusalimu. Mama Brayson anakusalimu, anasema anakuomba radhi, nami nimemwambia hakuna radhi ya kuombwa na yeye peke yake. Optatus wa Kimamba anakusalimu. Mbusu Emanueli, mwambie shangazi zake wawili wanamkumbuka. Mungu akulinde ukiwa chini ya ardhi na ukiwa juu yake, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ndani ya bahasha utaikuta ile saa. Fabiola ameivua mwenyewe akaniambia nikuletee, haina mtu wa kumdanganya tena. Anasema uivae mpaka utakapofika. Usiku ikikukera kwa mlio wake usiifunikie mto. Sisi huku tunaomba kila siku tuendelee kukereka.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,

Letisia